Laki Moja na Tatu

Nyanzobe amefariki, na mimi ndiye niliyempa jina baya kuliko yote aliyowahi kuitwa. Aliyenipigia simu ni Luhende, mumewe, na kama kawaida yake hakuzunguka. "Mwalimu Mhoja, mwenzangu ametangulia. Tunazika kesho saa nane, hapa hapa Ngokolo. Njoo." Nikasema poleni, nikasema nitakuja, nikakaa na simu mkononi hadi chai ikapoa. Mke wangu akauliza, "Nyanzobe yupi?" Kuna watu unaweza kuwaeleza kwa maneno mawili, yule jirani, yule fundi, ukamaliza. Nyanzobe huwezi kumweleza bila kuueleza mwaka mzima, tena mwaka ambao mimi mwenyewe nilikuwa mpumbavu. Mpumbavu wa kawaida hana madhara makubwa. Mimi nilikuwa mpumbavu mwenye chaki.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilitoka chuo cha ualimu na sanduku la bati, suruali mbili na majivuno yasiyo na kipimo, nikapangiwa shule ya msingi mjini Shinyanga, hisabati darasa la tano na la sita. Chumba nilipata uani kwa Nyanzobe, mtaa wa Ngokolo. Kilikuwa chumba kimoja, kitanda cha kamba, dirisha dogo linalotazama jiko, na upande wa pili wa ukuta ilikuwa stoo yake ya mchele, hivyo nguo zangu zote zilinukia pumba. Yeye alikuwa akinunua mchele Kagongwa na kuuza mjini. Luhende alikuwa mchimbaji huko Segese, anaingia kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi akiwa na vumbi jekundu hadi ndani ya masikio. Siku akirudi, Nyanzobe alipika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga zilizotwangwa, na mimi mpangaji nilipata bakuli langu bila kuomba. Mpaka leo nikionja michembe popote pale naikosoa. Karanga hazitoshi, au maji yamezidi. Mke wangu amechoka kunisikia.

Jambo moja nililiona mapema nisilipe uzito. Mtaa ule kila mwanamke alikuwa Mama fulani: Mama Kulwa, Mama Shija, hata binti aliyejifungua wiki iliyopita alishakuwa Mama. Yeye aliitwa Nyanzobe, basi. Watoto wadogo wanaoshindwa kufunga vifungo vya shati walimwita Nyanzobe, kavu hivyo hivyo, na hakuna mzazi aliyewakemea. Walikuwa wameoana miaka kumi na moja na mtoto hakuna. Mimi nilimwita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke yeyote wa kuheshimiwa, na kila asubuhi nikimwambia "Mwangaluka, mayu," alikuwa anaitikia kwa sauti nzito kidogo kuliko salamu ilivyohitaji. Nilidhani ndivyo sauti yake ilivyo.

Sasa niseme kosa langu. Darasa la tano tulifika kwenye namba tasa. Nikaandika ubaoni mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, nikaeleza vizuri tu: namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Ningeishia hapo ningekuwa mwalimu. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini inaitwa tasa?" Loo! Mdomo huponza kichwa. Nikataka kuchekesha. Nikasema, "Kwa sababu haizai. Si mnamjua mwanamke tasa? Basi na namba wapo wa hivyo." Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao, nikajiona mwalimu hodari anayefanya somo liingie. Na somo liliingia kweli. Kufika Ijumaa, watoto wakitoka shule wakipita kwenye geti la Nyanzobe wanaimba kwa kupokezana, "Namba Tasa! Namba Tasa!" halafu wanatimua mbio.

Jumatatu alikuja shuleni. Nilikuwa nimeupa mgongo mlango, nikaona darasa limenyamaza ghafla, na darasa la tano halinyamazi ghafla bila sababu. Nikageuka. Amesimama mlangoni, kanga ameifunga kiunoni, mikono ina unga wa mchele.

"Shikamoo, mayu," nikasema. Hakuitikia.

"Mwalimu, nimekuja kuuliza kitu kimoja. Nani amewafundisha watoto jina langu?"

"Mayu, lile ni jina la hesabu..."

"Sijauliza ni la nini. Nimeuliza nani amewafundisha."

Watoto sitini wananitazama. Ningeweza kusema sijui, wamejifunza wenyewe, watoto wa siku hizi. Nilitaka sana kusema hivyo. Nikasema, "Ni mimi." Akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepima kitu akakuta uzito ni ule ule aliodhani, akaondoka zake. Sikuweza kuendelea na somo. Niliwaambia watoto waandike mashairi, na hisabati haina mashairi.

Alasiri nilikwenda kumwomba radhi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anapepeta mchele, nami nikachuchumaa mbele yake kama mshtakiwa. Nilidhani ataniambia nifungashe. Akaendelea kupepeta, pumba zinapaa, mchele unarudi. Halafu akasema, "Nieleze hiyo namba. Lakini nieleze mimi, usiwaeleze watoto." Alikuwa amesoma hadi darasa la saba na hesabu hazikumsumbua, mwanamke anayenunua gunia na kuuza kwa kisado huwezi kumdanganya kwenye kugawanya. Nikamweleza. Kumi na mbili, nikamwambia, ni mbili mara mbili mara tatu. Sitini ni mbili mara mbili mara tatu mara tano. Ukichukua namba yoyote ile ukaivunja, ukavunja na vipande vyake mpaka visivunjike tena, unachokikuta mkononi ni tasa tupu.

Ungo ukasimama. "Kwa hiyo hizo nyingine zote zimetoka kwa tasa?"

"Zote, mayu."

"Sasa huyo aliyeziita tasa alikuwa na akili timamu?"

Nikacheka, nikaona yeye hacheki, nikaacha. Akauliza kama tasa zinaisha. Nikasema haziishi, kila ukidhani umefika ya mwisho ipo nyingine mbele, zipo na kubwa sana. Kwa mfano, nikasema, laki moja na tatu.

"Muongo wewe." Hapo ndipo aliponikazia macho. "Laki na tatu inagawanyika kwa kumi, inagawanyika kwa elfu. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua."

Ikatuchukua muda kuelewana. Sokoni Kagongwa, ukisema laki na tatu umesema laki na elfu tatu, hakuna atakayekuuliza mara mbili. Mimi nilikuwa na maana ya laki moja, halafu tatu peke yake. Nikachukua kijiti nikaandika kwenye vumbi: moja, sifuri nne, tatu. Akainama akaitazama. Sifuri nne zimekaa katikati, moja huku, tatu kule. Akasema polepole, "Hii ndiyo tasa?"

"Ndiyo."

"Umejuaje? Umepima, au umeambiwa?"

Nilikuwa nimeambiwa. Mkufunzi wetu chuoni aliitaja, nikaiandika kwenye daftari, nikaibeba hadi Shinyanga kama ukweli. Nikasema, "Nimeambiwa." Akarudi kupepeta. "Na mimi wameambiwa tu," akasema. "Miaka kumi na moja wameambiwa. Hakuna aliyepima." Hakusema kwa hasira. Mimi ndiye niliyeona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Nilimwambia ili kuthibitisha kwamba laki moja na tatu ni tasa, huna haja ya kuigawa kwa kila namba. Unaigawa kwa tasa tu, kuanzia mbili hadi mia tatu kumi na tatu, basi. Akataka kujua kwa nini tuishie hapo, ni uvivu wangu au ni kanuni. Nikamwambia kila mgawanyaji ana mwenzake. Mkubwa akiingia sawasawa, mwenzake ni mdogo, na wadogo wote tutakuwa tumeshawaita. Tasa inayofuata ni mia tatu kumi na saba, na hiyo ikijizidisha yenyewe inapita laki moja na tatu. Huko hakuna wawili wapya wa kukutana. Alilifikiria hilo siku nzima. Kesho yake asubuhi, kabla ya salamu, akasema, "Ni kweli. Mkubwa hawezi kuingia peke yake." Tukahesabu tasa zenyewe: sitini na tano. Akanunua daftari la kurasa mia moja, akaandika namba kwenye jalada, na kila alasiri baada ya soko na shule tulikaa uani tukagawanya mbili, tatu kwa siku. Mara nyingine moja tu, kama mchele umechelewa kufika.

Watu wanaodhani kugawanya ni kazi kavu hawajagawanya na Nyanzobe. Alikuwa anaongea na namba. Saba ilibakiza moja, akaguna, "Huyu alikuwa anakuja." Kumi na moja, mbili. Ishirini na tatu ilimuudhi sana kwa sababu ilibakiza ishirini na mbili. "Moja tu! Imekosa moja tu ijae! Mungu wangu, si angeongezewa?" Arobaini na moja, baki nne. Siku tulipofika mia moja sabini na tatu mimi ndiye niliyekuwa nazidisha, nikazidisha kwa mia tano sabini na nane, nikapata laki moja na tatu kamili. Nikaruka. "Imeingia! Mayu, si tasa! Mkufunzi alitudanganya!" Nilidhani atafurahi. Aliichukua kalamu mkononi mwangu. "Yaya," akasema, hapana ya Kisukuma isiyo na mjadala. "Rudia." Akarudia mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, ikatoka tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na nne. Baki tisa. Mimi nilikuwa nimekosea kuzidisha. Nikamuuliza, kwa utani, kama alikuwa anataka namba ile iwe tasa. Akajibu, "Sitaki iwe, wala sitaki isiwe. Nataka ijulikane."

Wakati huo nilikuwa nimeshajua kinachomkabili, maana ukuta wa chumba changu haukuwa ukuta wa siri. Mama mkwe wake alikuja kukaa wiki mbili, akawa anaongea na wageni wake jikoni kwa Kisukuma cha haraka akidhani mpangaji wa uani yuko shuleni. Luhende akishuka kutoka Segese mwisho wa mwezi kutakaa kikao. Msichana ameshaonekana huko kijijini. Ng'ombe wapo. Nyanzobe atahamia chumba cha uani, yaani hiki changu, na mke mpya ataingia nyumba kubwa. Asipotaka, arudi kwao. Bibi hakuwa mkatili, nisimsingizie. Nilimsikia akisema, "Ni mke mzuri. Ningekuwa na wa kuniambia shida ni nini, nisingemgusa." Nikamwambia Nyanzobe nilichosikia. Akasema anajua, akanyoosha daftari. "Tumebakiza ngapi?" Tulikuwa tumebakiza kumi na tisa.

Ya mwisho tuliimaliza Jumamosi alasiri: mia tatu kumi na tatu, inaingia mara mia tatu kumi na tisa, baki mia moja hamsini na sita. Akaandika chini yake, kwa herufi kubwa za mtu aliyefundishwa mwandiko kwa kiboko, IMEPIMWA. Jumapili kikao kikakaa.

Mimi niliitwa kuandika kumbukumbu za kikao, kwa kuwa mwalimu akiwepo hakuna mwingine anayeshika kalamu. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mkeka, Luhende kwenye kona anatazama viatu vyake. Baba yake mkubwa aliongea vizuri, kwa mafumbo ya heshima, mti, shamba, mvua, lakini alikofika kila mtu alikuwa akipajua: nyumba inataka mtoto, na mke huyu ni tasa. Kisha akauliza kama mwenyewe ana neno.

Nyanzobe akasimama. Alikuwa na daftari mkononi. "Wazazi, shikamooni. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi leo sifichi." Akalifungua akalizungusha waone kurasa. "Hii ni namba. Watu walisema ni tasa. Mimi sikukubali wala sikukataa. Nimeijaribu kwa sitini na tano, mmoja mmoja, mwalimu ni shahidi, na wote wameshindwa. Ndipo nikaandika kwamba ni tasa." Akalifunga. "Mimi mmenijaribu kwa mmoja."

Jamani! Kalamu ilinidondoka. Baba mkubwa alikohoa, akakohoa tena. Halafu kwenye mkeka mama mkwe akaanza kucheka. Alijaribu kuziba mdomo kwa kanga, kicheko kikamshinda, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, na wanawake wengine wakafuata mmoja mmoja huku wakiombana radhi. Nyanzobe hakucheka. Alikuwa anamtazama Luhende. Alisema kwa sauti ya chini, kama wako peke yao, "Sitaki mwingine wa kunijaribu. Nataka twende hospitali tupimwe wote wawili. Tukijua, utakalosema nitalitii."

Luhende ni mtu wa maneno machache na siku ile aliyapunguza zaidi. Akanyanyuka. "Tutapimwa," akasema. Nikaandika neno hilo kwenye kumbukumbu na kikao kikafungwa.

Walikwenda. Walirudi baada ya siku kadhaa, jua likiwa kali, wanatembea wakifuatana, mke mbele. Nilikuwa uani nafua. Nyanzobe akanipita bila kunitazama, akaingia jikoni, akawasha moto. Luhende akakaa kwenye kigoda cha mkewe, muda mrefu. Jioni mama yake akauliza, nami nikasikia jibu kupitia dirisha langu. Nyanzobe ndiye aliyejibu. "Daktari anasema ni mimi, mama." Bibi akasema, "Basi." Luhende akasema, "Lakini sioi mwingine. Nimemaliza." Na kweli hakuoa. Nililia chumbani kwangu, nisidanganye. Nilijiona nimemsaidia mwanamke kutafuta kisu kwa miezi miwili ili ajichome nacho. Watoto mtaani hawakuacha ule wimbo, ila sasa akiwasikia alitoka getini na kuwaambia, "Njooni hapa, nitajieni tasa zote chini ya mia, atakayekosa anachota maji," nao wakawa wanazitaja. Darasa langu lile lilifaulu hisabati kuliko darasa lolote nililowahi kufundisha. Mwisho wa mwaka nilihamishwa kwenda upande wa Geita, nikaoa, nikazeeka, nikawa nikimtumia salamu kila sikukuu. Sikuwahi kumuuliza zaidi. Niliona nimeshamuuliza vya kutosha.

Jana, basi, nilikuwa Ngokolo. Turubai, viti vya kukodi, watu wengi kuliko nilivyotarajia. Kamati ya msiba wakanikabidhi karatasi ya wasifu wa marehemu, ati mwalimu ana sauti. Nikavaa miwani nikasoma: kuzaliwa kwake, shule yake, ndoa yake, biashara yake ya mchele. Nikafika mstari wa nne kutoka chini. "Marehemu hakujaliwa kupata mtoto."

"Simama hapo, mwalimu."

Luhende alikuwa amenyanyuka kwenye kiti chake cha mbele. Mwili umekwisha, ameshikwa mkono na mpwa wake, lakini aliuondoa ule mkono akasimama mwenyewe. Watu wakadhani uchungu umemzidi, wakaanza kumwambia kaa, baba, kaa upumzike. Akakataa.

"Hapo pamekosewa," akasema. "Tulipimwa mwaka ule. Yeye alikuwa mzima. Aliyekutwa na tatizo ni mimi." Akaendelea, "Njiani tukirudi nilimwambia, wachimbaji wenzangu wakijua sitaingia tena kwenye duara, nitachekwa mpaka nife. Sikumwomba ajisingizie. Nilimwambia hivyo tu. Tukafika nyumbani mama akauliza, naye akasema ni yeye. Mimi nilikuwa nimekaa pale. Nilisikia, nikanyamaza. Ameitwa jina langu maisha yake yote."

Wanawake wazee upande wa kushoto, wale waliomwita Nyanzobe kavu kavu, walikuwa wametazama chini. Nakumbuka nilimuuliza kwa kunong'ona, kama mwanafunzi aliyepotea ukurasa, "Baba, sasa nisomeje?"

"Soma kwamba mume wa marehemu hakujaliwa."

Nikasoma hivyo.